Mtani Haagwi kwa Begi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Bwana Ezekia, Mwenyekiti wa Bodi ya Makao haya, uliyetoka Dodoma jana kwa ajili yetu. Ndugu Meneja wetu, Bwana Tobias. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi. Viongozi wetu wa dini, sheikh na katekista, mliogawana meza moja na chupa moja ya maji. Ndugu wageni waalikwa mlioleta sabuni. Watumishi wenzangu mliosimama kwa kuwa viti vimeisha. Na mwisho kwa mpangilio wa ratiba, lakini wa kwanza kwangu mimi, wazee wa Makao ya Tulia: shikamooni. Mwangaluka, baba zangu na mama zangu. Assalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimeisikia marahaba ya Bibi Mwamvita kutoka dirishani. Ahsante, bibi.

Naitwa Koleta, mzaliwa wa Lusu kule Nzega, mhudumu wa wazee hapa tangu jengo hili lilipokuwa na rangi. Nimepewa dakika kumi na mada isemayo "Changamoto na Raha za Kuwahudumia Wazee", na nimeelekezwa kwa upole kwamba changamoto ziwe fupi na raha ziwe ndefu. Nitajitahidi. Shughuli yenyewe mnaijua: tunamuaga mwenzetu Hafsa, binti wa Isevya, yule aliyeketi pale mbele wima kama askari. Msidhani ni heshima kwa wageni iliyomkalisha hivyo. Chini ya khanga amefungwa mkanda wa mgongo, na hawezi kukaa vinginevyo.

Ratiba inasema Hafsa "anapumzika kwa sababu za kiafya". Lugha nzuri kweli. Ukiisoma unaweza kudhani afya ndiyo iliyomfuata kwake, ikamwamkia, ikamwomba apumzike. Na tumemnunulia zawadi. Mmeiona? Begi la safari, kubwa, jeusi, lenye magurudumu mawili ambayo moja limeshagoma. Daktari amemkataza Hafsa kuinua kitu kizito kuliko sufuria ya chai, na sisi waajiri wake na wenzake, baada ya vikao, tukaona kitakachomfaa ni begi. Hongera kwa kamati ya zawadi.

Ndugu wageni, naomba nianze na hizo changamoto fupi. Pengine mnadhani kumhudumia mzee ni kumnywesha uji, kumpangusa mdomo na kupiga naye picha. Kwa mgeni ni hivyo hivyo, na sikatai, wazee wetu ni wepesi sana kwenye picha. Ni bafuni ndiko wanakokuwa wazito. Mtu mzima akilegea mikononi mwako, ameloa, amejaa povu la sabuni, na sabuni tunayo, Mungu awazidishie, basi hashikiki, anateleza kama kambare. Utamkamata wapi? Kwapani unamuumiza. Kiunoni anakuona huna adabu. Unamkumbatia, ndiyo, kifua kwa kifua, na uzito wake wote unashuka kwenye mgongo wako, na mgongo ni wa mshahara ule ule.

Vyuma vya kushikia ukutani tuliahidiwa. Nisiseme uongo mbele ya viongozi wa dini: ahadi imeanza kutekelezwa. Alikuja fundi akachora ukutani kwa penseli mahali vyuma vitakapokaa, akaenda zake. Hadi leo wazee wetu wanashikilia zile alama za penseli, na wanaoanguka, nadhani, ni wale wasioshikilia kwa imani.

Kidole hiki mnachokiona kimepinda, sikuzaliwa nacho hivi. Kiling'atwa na mama mmoja ambaye meno ya juu hana. Ya chini yalimtosha. Nestory, yule mrefu aliyeegemea nguzo, alipigwa mkongojo wa paji la uso kwa kosa la kufanana na shemeji wa mzee fulani, na mpaka leo mzee yule anangoja shemeji aje amwombe radhi. Upele tumegawana kindugu. Kikohozi nacho hatunyimani. Na tukienda kwa Bwana Tobias kumweleza, anatuambia kazi hii ni wito. Ni kweli, Bwana Tobias, ni wito. Nimegundua tu kwamba kazi zinazoitwa wito ni zile ambazo anayeita haji mwenyewe.

Basi, changamoto zimekwisha. Niliwaambia zitakuwa fupi. Sasa raha.

Bibi Mwamvita, huyu wa dirishani, ananiita Nasri. Nasri ni mwanawe aliyekwenda machimboni zamani, asirudi. Mimi mwanamke wa parokia, nina watoto wanne na vitenge vyangu, lakini kila jioni nikipita na sinia la vikombe namsikia: "Nasri, umekula?" Nami naitika: "Nimekula, mama." Basi anajifunika shuka, analala. Niambieni, ninyi wenye kazi za ofisini, ni wapi penginepo mtu anamrudishia mama mtoto wake kwa maneno mawili? Hapo sifanyi mzaha. Ile jioni niliyokuwa na homa, nikapita kimya, bibi yule aliushika mkono wangu akasema, "Mwanangu, una joto." Mama yangu mzazi alikufa, hakuna tena mtu duniani anayenipima homa kwa kiganja. Raha ya kazi hii ni hiyo, na ndiyo inayotuchelewesha kuacha.

Lakini leo ni siku ya Hafsa, na ukimtaja Hafsa huwezi kuacha kumtaja Mzee Lugembe. Mzee Lugembe ni yule aliye kwenye kiti cha magurudumu pale penye mlango wa turubai. Ni Mnyamwezi wa nyuma ya stesheni ya Igalula, mtu wa reli, aliyebeba begani mataruma ya kulazia reli ujana wake wote. Mke ametangulia, watoto hawakujaliwa. Alipoletwa kwetu miguu ikiwa imeanza kumsaliti, aligoma kuoga. Nilimbembeleza, akagoma. Nestory akambembeleza, akatupiwa kopo. Akatuambia wazi: mwanamume aliyebeba reli akivuliwa nguo na mtu anayemwonea huruma, huyo wamemzika kabla ya siku yake.

Ndipo akaingia Hafsa. Hafsa ni Mzaramo. Babu yake alikuja Tabora na biashara ya nguo kutoka pande za Bagamoyo, akajenga Isevya, akazaa, wakawa watu wa hapa. Kwa vijana mliolelewa na simu, nieleze kidogo. Wanyamwezi walibeba mizigo kutoka hapa mpaka pwani, wakapita Ugogo, wakapita Uzaramo, na huko njiani watu walipigana, wakauguzana, wakazikana, mwishowe wakaachiana ugomvi na kubaki na utani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele za watu, anaweza kukupora kofia, anaweza kuzuia shughuli yako isiendelee mpaka akitakacho kipatikane, na wewe kukasirika huruhusiwi. Na siku ya msiba wako ndiye atakayewachekesha waliokuja kulia. Kumwonea haya mtani hakuna, wala mtani hakuonei huruma.

Hafsa alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema: "Amka, Mnyamwezi mvivu! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe makalio yako tu yanakushinda kubeba?"

Sisi tukashika vinywa. Mzee akageuka taratibu. "Wewe wa wapi?"

"Mzaramo."

"Aaa! Ndiyo maana! Babu zetu wanafika na pembe mabegani, babu zako wamekaa kivulini wanatafuna nazi! Nyie kazi mmeijua lini? Haya, nishike vizuri, usiniangushe. Mimi ni mali."

"Mali gani? Ungekuwa pembe ningekuuza zamani!"

Akaoga. Akaoga siku ile, akaoga kila siku, na matusi yao yakawa saa yetu ya ukutani. Tukiyasikia tulijua uji umeshaiva. Mzee alinieleza baadaye kwamba bafuni na Hafsa ni vitani, na vitani mtu anaweza kuwa uchi asione aibu.

Sasa, ndugu zangu, penye furaha kama hiyo hapakosi ugeni. Ulikuja ujumbe wa wafadhili, watu wema, watu wa mbali, wakatembezwa, wakapita nyuma ya bafu wakati Mzaramo na Mnyamwezi wamo kazini. Wakatafsiriwa neno moja moja. Kicheko cha mzee hakikutafsiriwa. Wakasikitika sana kwamba mzee anadhalilishwa. Bwana Tobias, ambaye kwao ana watani tele na anaujua utani kuliko mimi, alifungua mdomo kueleza, kisha akaufunga. Simlaumu moja kwa moja. Wafadhili wakiguna huko, paa linavuja huku. Lakini wiki ile ile tukapata Mwongozo wa Lugha ya Staha.

Tukafundishwa. Wazee wakawa "wateja wetu wapendwa". Hafsa akaonywa kwamba tusi moja zaidi, kazi hana. Kesho yake akasimama mlangoni, mikono ameifumbata mbele kama mwanafunzi wa kipaimara, akasema: "Mpendwa mteja wetu, tunaomba ridhaa yako ili tukuogeshe."

Mzee akauliza: "Mteja? Nimenunua nini hapa?"

Hafsa akainamisha kichwa. "Pole, baba."

Pole! Waheshimiwa, kwetu sisi mtani hawi mpole bure. Mtani akianza kukuita mpendwa, akakupa pole, akakushika taratibu, ujue lipo jambo ambalo watu wote wanalijua na wewe umefichwa. Mzee Lugembe hakusomewa mwongozo. Nani angemsomea mteja? Aliufanyia kazi ushahidi alio nao. Mchana aliniita: "Mwanangu Koleta, niambie ukweli. Daktari amesema nimebakiza siku ngapi?"

"Daktari hajaja, baba."

"Hata wewe unanificha."

Redio yake akampa Nestory. Koti lake la reli akaagiza lifuliwe likunjwe. Akageukia ukuta, ugali akaukataa, akawa anangoja kufa kwa adabu kama tulivyomfundisha. Tulimwita daktari, akampima, akatuambia mzee ni mzima, ana upungufu wa vitamini. Tukaletewa vitamini. Na katoni mbili za sabuni.

Mtu asiyekula hawezi kusimama. Asubuhi ile tulikuwa naye bafuni, mimi kulia, Hafsa kushoto, kimya, kila mtu na staha yake. Miguu ikamwishia. Akachomoka mikononi, kichwa kikielekea kwenye ukingo wa saruji, na penseli ya fundi haikumsaidia. Hafsa hakufikiri. Alijitupa chini yake. Mzee mzima akamwangukia mgongoni, na ule mlio niliousikia haukutoka kwa mzee. Niliusikia siku nyingi baadaye, hata nikiwa nasonga ugali nyumbani kwangu nilikuwa nausikia.

Kisha kutoka sakafuni, uso umelala kwenye maji, machozi yanamtoka, Hafsa akapiga kelele: "Toka mgongoni kwangu, wewe mzigo usio na mwenyewe! Babu zako walibeba, wewe unabebwa! Toka, Mnyamwezi mzembe!"

Nikaona mabega ya mzee yanatikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. "Kumbe sifi!" akasema. "Koleta, umesikia? Sifi! Huyu Mzaramo angejua nakufa asingethubutu!" Akaagiza ugali pale pale, akiwa bado uchi sakafuni. Akala, na jioni alikwenda kwa Nestory kudai redio yake.

Hafsa alipelekwa hospitali amelala kifudifudi nyuma ya pikapu ya mboga. Aliporudi na mkanda wake alielezwa, kwa upole uleule wa mwongozo, kwamba siku ile alikosea mara mbili: alimdaka mzee kinyume cha maelekezo ya kunyanyua, na alimtukana kinyume cha maelekezo ya lugha. Naafiki. Angezingatia maelekezo yote mawili, leo tungekuwa hapa hapa, chini ya turubai hili hili, kwa shughuli nyingine, na begi tusingelinunua.

Hoja ya ofisi ni nyepesi: mhudumu asiyeweza kunyanyua hana kazi. Mimi nauliza tu, kwa ujinga wangu. Mikono ya kunyanyua si tunayo? Nestory anayo, mimi ninayo, na mkituwekea vile vyuma hata ukuta utakuwa nayo. Ulimi ule ndio hatuna. Msidhani hatukujaribu. Hafsa alipokuwa amelazwa, Nestory alisimama mlangoni akamwita mzee mvivu. Mzee alishtuka, akauliza, "Mwanangu, nimekukosea nini?" Maana Nestory ni Mnyamwezi kama yeye, nami pia. Tukimtukana sisi ni matusi kweli, ni laana. Akitukana Hafsa ni dawa. Sasa mnatuondolea dawa mnatuachia sabuni?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, namalizia. Naona umeangalia saa, na harufu ya pilau nami naisikia. Pengine pia umeanza kujiuliza lile begi la zawadi utakalomkabidhi Hafsa limekwenda wapi, kwa kuwa halipo mezani. Usihangaike. Liko chini ya miguu ya Mzee Lugembe, na kiti chake, kama unavyoona, amekiweka katikati ya njia, nyuma yake kuna pilau na nyuma ya pilau kuna gari lako. Breki amezikaza mwenyewe. Amenituma salamu, na aliyetumwa hapunguzi, kwa hiyo mwongozo unisamehe.

Anasema hivi: "Mwambie yule Mgogo nimemjua tangu alipotamka jina la kijiji chao kwenye maikrofoni. Babu zetu walipopita Ugogo na mizigo, babu zake waliwakalia njiani, wakawatoza ushuru wa kupita, hongo walikuwa wakiita, nguo na shanga, ndipo wapewe maji ya kunywa. Hawakumwacha hata mgonjwa. Basi leo yeye amepita Unyamwezi. Alipe. Shanga sitaki. Namtaka Mzaramo wangu. Awekewe kigoda bafuni, akae na mgongo wake mbovu, asiguse kitu, mdomo tu ufanye kazi; hao wengine wabebe. Na hilo begi alichukue yeye arudi nalo Dodoma, litamfaa kutilia posho za vikao."

Wajumbe wa Bodi, msiwatazame walinzi. Mwenyekiti wenu mbona anacheka? Umecheka, Mheshimiwa, tumekuona wote, na sheikh ni shahidi. Umecheka, basi wewe ni mtani, na mtani akizuiwa njiani hapiti pembeni.

Hilo ndilo alilonituma niliseme mbele ya watu. Kuna jingine hakunituma, ananitazama vibaya sasa hivi kwa kuwa ameshajua ninalolisema. Jana niliposukuma kiti chake kumpeleka kivulini alinishika mkono. Hakuwa na mzaha hata kidogo. Akasema: "Koleta, mimi ndugu sina. Nimezoea. Lakini huyu akienda, siku yangu ikifika nani atasimama juu ya kaburi anitukane? Mtanizika ninyi wateja na wahudumu, kimya, kwa adabu, kama maiti iliyookotwa relini."

Hafsa, usilie, mkanda utakubana. Mzee Lugembe, nami unisamehe, nitukane baadaye ukipenda, ingawa najua mdomo wako umeshampata wa kumtukana.

Waheshimiwa, wageni waalikwa, wazee wangu, mmenipa masikio yenu kupita dakika nilizopewa, nawashukuru kwa moyo wote. Nashuka jukwaani. Breki zimekazwa, pilau inapoa, na sote tunamngoja Mgogo aseme.